Seva bila daftari huzima bila habari

Mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii haihitaji kuelezwa Kizuka, katika eneo la Rumonge, ambako mawese huuzwa kwa mkopo na ndagala hupimwa kwa kopo alfajiri. Jina la mdeni huandikwa, idadi ya madebe huandikwa, tarehe huandikwa. Siku mwenye duka akiugua, mwanawe hufungua daftari na biashara haisimami.

Lakini mzigo unaotoka Kizuka kwenda Tanzania hutegemea pia daftari jingine, ambalo mwenye mzigo halioni. Gari likipita Rumonge mjini, likashuka Nyanza-Lac, likapanda Mabanda hadi mpaka wa Mugina na kuvuka kuingia Manyovu, karatasi za mzigo ule hupita njia yake zenyewe, ndani ya kompyuta. Kuna kompyuta za forodha, za benki, na za pesa za simu. Kompyuta hizi za kazi, zinazowashwa usiku na mchana ili kuhudumia watu wengi kwa pamoja, ndizo seva.

Seva ikikosea, habari humfikia mfanyabiashara kwa sentensi moja tu dirishani. "Mama, sisitemu haiko, subiri kidogo," husema kijana wa ofisini. "Mwanangu, hicho kidogo ni saa ngapi?" huuliza mama mwenye mzigo. Kijana hana jibu. Mukeke mbichi, ambaye wenzetu wa Kigoma humwita mgebuka, hangoji jibu hilo. Barafu inayeyuka, dereva anadai posho ya kulala, na mteja wa ng'ambo ananunua kwa mwingine.

Makala hii inaeleza daftari la seva ni nini, programu huria iitwayo Ansible inavyolitunza, na mambo mapya yaliyoongezwa humo ambayo yanaweza kupunguza, au kuzidisha, siku za kusubiri mpakani.

Si kila kukwama ni mtandao

Watu wengi husema "mtandao umekufa" kwa kila tatizo. Ukweli ni kwamba matatizo yako ya aina tofauti, na kila moja lina mwenye kulaumiwa wake.

Kuna tatizo la njia. Burundi haina bahari, kwa hiyo intaneti yake hufika kupitia nchi jirani kutoka kwenye nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika kwa wakati mmoja, na intaneti ikadorora Afrika Mashariki nzima. Hapo fundi wa ofisi hana la kufanya ila kungoja meli ya matengenezo.

Kuna tatizo la umeme, na hilo halihitaji maelezo.

Halafu kuna tatizo la tatu, lisilojulikana sana: njia ni nzima, umeme upo, seva inawaka, lakini imepangwa vibaya. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa karibu saa 6. Mfanyabiashara aliyekuwa akituma picha ya mzigo kwa mteja wake alidhani simu imeharibika. Kampuni yenyewe ilieleza baadaye kwamba chanzo kilikuwa amri moja iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida, na kwamba kifaa cha kuchunguza amri kama hizo kilikuwa na kasoro, hivyo hakikuizuia. Waya haukukatika na hakuna mwizi aliyeingia.

Kama kampuni kubwa kiasi kile iliweza kujizima kwa mpangilio mbaya, ofisi yenye mafundi wawili haiwezi kujiona salama.

Saa moja kati ya pande mbili za mpaka

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wetu ni saa. Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Saa 2 asubuhi Rumonge ni saa 3 asubuhi Kigoma. Mfanyabiashara amezoea; akivuka hubadilisha saa yake bila kufikiri.

Seva haina mazoea. Hufuata kilichoandikwa ndani yake. Tuseme fundi ana seva kumi, na anazipanga kwa mkono, moja baada ya nyingine. Nane anazipanga sawasawa. Ya tisa anaitwa kwenye simu, akirudi anasogeza saa yake mbele kwa makosa. Kuanzia hapo risiti inayotoka kwenye seva hiyo hubeba saa ambayo bado haijafika. Ikipelekwa kwenye kompyuta nyingine, huonekana imetoka kesho. Namba ya siri inayobadilika kila nusu dakika hukataliwa, kwa sababu seva mbili hazikubaliani ni dakika gani. Cheti cha usalama kinaweza kuonekana kimekwisha muda wakati bado kizima.

Mwenye mzigo ataambiwa tu kwamba malipo yake hayaonekani. Amelipa, ana ujumbe kwenye simu, lakini mashine haimtambui. Na fundi anaweza kutafuta kosa siku nzima, kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa seva ya tisa ilipangwaje, na nani, na lini. Mpangilio wote uko kichwani mwa mtu mmoja. Mtu huyo akienda likizo, akihamishwa, au akifariki, daftari limekwenda naye.

Ansible inavyofanya kazi

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1993 Mark Burgess, aliyekuwa Oslo nchini Norway, alianzisha CFEngine, programu ya kupanga kompyuta nyingi kwa maagizo yaliyoandikwa. Mwaka 2005 Luke Kanies alileta Puppet. Ansible ilianzishwa na Michael DeHaan mwaka 2012. Jina hilo lilibuniwa na mwandishi wa Marekani Ursula K. Le Guin katika riwaya ya mwaka 1966, likiwa jina la kifaa cha kupeleka habari papo hapo hata kwenye nyota za mbali.

Ansible huwekwa kwenye kompyuta moja tu, hata ya kupakata. Kutoka hapo hufika kwenye seva nyingine kwa SSH, njia salama ambayo mafundi huitumia kila siku. Kwa seva za kawaida hakuna haja ya kupachika programu maalumu ya Ansible kwenye kila moja. Inatosha ziwe na Python, lugha ya programu ambayo mara nyingi huja pamoja na mfumo wa seva.

Maagizo yenyewe huandikwa kwenye faili la maandishi ya kawaida. Hayasemi "bonyeza hapa, kisha pale". Yanasema hali inayotakiwa. Kwa mfano wetu wa saa, daftari lingekuwa na mistari kama hii: Hakikisha programu ya kusawazisha saa imewekwa. Hakikisha inaendeshwa. Hakikisha kila seva inafuata majira tuliyokubaliana. Ansible hupita kwenye seva zote kumi, na ile iliyo sawa huiacha kama ilivyo. Ni kama kumtuma mtoto afunge mlango: akikuta umefungwa, harudi kuufungua ili aufunge tena.

Jina la kila agizo linaweza kuandikwa kwa Kiswahili, Kifaransa au Kirundi, mashine haijali. Hili si jambo dogo. Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliamua Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Fundi aliyesomea kwa Kifaransa Bujumbura na mwenzake aliyesomea kwa Kiingereza Dar es Salaam wanaweza kusoma daftari moja, agizo kwa agizo, katika lugha wanayonunulia samaki.

Kuna pia njia ya kujaribu kabla ya kutenda. Fundi anaweza kuiambia Ansible ieleze tu ingebadilisha nini, bila kugusa kitu. Na nywila hazihitaji kuandikwa wazi: sehemu iitwayo Ansible Vault huzifunga kwa ufunguo, ili hata daftari likisomwa na mgeni, siri zisionekane.

Mambo mapya ya 2025

Julai 2025 kiini cha Ansible kilitoka katika toleo la 2.19, lenye mabadiliko makubwa kuliko ya kawaida. Matatu yanafaa kuelezwa hata kwa asiye fundi, kwa sababu kila mfanyabiashara anayafahamu kwa jina jingine.

La kwanza ni uaminifu. Ansible hukusanya majibu kutoka kwenye seva: jina lako nani, una nafasi kiasi gani. Zamani maneno yaliyokuja yaliaminiwa isipokuwa yamewekewa alama ya hatari, na ilibidi mtu akumbuke kuweka alama hiyo. Mtu mbaya aliyeshika seva moja angeweza kujaribu kuficha amri ndani ya jibu. Sasa mambo yamegeuzwa: maneno hayatekelezwi kama agizo ila yametoka kwenye daftari lenyewe au chanzo kilichothibitishwa. Mwenye ghala anaelewa. Karatasi isemayo "mpe huyu magunia ishirini" haitoi gunia hata moja kama haikuandikwa na mwenye mali.

La pili ni ndiyo na hapana. Maagizo mengi huwa na sharti: kama seva ina jambo fulani, fanya hivi. Katika matoleo ya nyuma, jibu lolote ambalo si tupu liliweza kuhesabiwa kuwa ndiyo. Hata neno "hapana", kwa kuwa ni neno na si utupu, lingeweza kupita kama ndiyo. Toleo jipya linataka jibu la wazi, kweli au si kweli. Likikosa, linasimama na kulalamika. Mafundi wengi wamekuta maagizo yao ya zamani yakigoma kwa sababu hii. Ni usumbufu, lakini ni afadhali kugoma mezani kwa fundi kuliko kukosea dirishani kwa mteja.

La tatu ni kueleza kosa. Ujumbe wa kosa sasa huonyesha faili lipi, mstari upi, na kosa gani lilizaa jingine. Kwa ofisi ya mbali, yenye fundi mmoja kijana na simu ya kuwaulizia wakubwa zake, hiyo ndiyo tofauti kati ya kukwama nusu saa na kukwama hadi jioni.

Seva kuukuu zinaachwa

Kila kipya kina gharama yake. Mei 2024, toleo la 2.17 liliacha kuhudumia seva zinazotumia Python 2.7 na 3.6. Toleo la 2.16 lilikuwa la mwisho kuzikubali. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo, CentOS 7, mfumo wa bure uliotumika sana kwenye seva duniani, ulifikia mwisho wa kuhudumiwa. Huo nao ulikuja na Python 2.7.

Maana yake ni hii. Ofisi yenye seva za zamani ina njia mbili. Inaweza kubaki na Ansible ya zamani na seva za zamani, huku matundu ya usalama yanayogunduliwa yakikosa wa kuyaziba. Au inaweza kuhamia mfumo mpya, kazi inayotaka muda, watu, na pengine mashine mpya. Ofisi yenye bajeti nono huhamia kimyakimya, wateja wasijue. Ofisi isiyo na fedha huahirisha, na anayelipa gharama ya kuahirisha ni mtu aliyesimama kwenye foleni.

Jambo hili lina uzito zaidi pale nchi zinapotegemeana. Tangu 2014 Jumuiya imekuwa ikitekeleza himaya moja ya forodha, ambayo kodi hulipwa mapema na taarifa za mzigo hutangulia gari. Burundi hutumia SYDONIA, mfumo uliotengenezwa na UNCTAD, ambao Kongo nayo inautumia tangu kabla ya kujiunga na Jumuiya mwaka 2022. Tanzania ina TANCIS. Taarifa zikitakiwa kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, mnyororo huwa na nguvu ya pete yake dhaifu. Seva moja isiyotunzwa upande wowote inatosha kusimamisha gari upande wa pili.

Tena, daftari zuri halizuii ujinga. Kosa likiandikwa kwenye maagizo, Ansible italipeleka kwa uaminifu ule ule kwenye seva zote kumi, kwa dakika chache. Ndiyo maana mafundi makini hujaribu kwanza bila kugusa, kisha huanza na seva moja au mbili, wakiona ni salama huendelea na zilizobaki. Na hawafanyi hivyo asubuhi ya siku ya soko.

Ni ya nani?

Ansible ni programu huria chini ya leseni ya GPL, toleo la 3. Yeyote anaweza kuitumia, kuisoma, kuibadilisha na kuigawa. Kampuni ya Red Hat iliinunua kampuni ya Ansible mwaka 2015, na IBM ikainunua Red Hat mwaka 2019, lakini msimbo uliokwisha kutolewa kwa leseni hiyo haunyang'anywi.

Yaliyoipata Puppet yanafundisha. Perforce iliinunua mwaka 2022. Baadaye ilitangaza kwamba vifurushi vipya vilivyo tayari kutumika havitatolewa tena kwa kila mtu kama zamani. Watumiaji hawakulia. Walichukua msimbo uliokuwa huria, na mwaka 2025 wakatoa mwendelezo wao, OpenVox. Hiyo ndiyo faida ya uhuria: duka likifungwa, mbegu zimeshagawiwa.

Afrika Mashariki nayo ina hisa katika habari hii. Mojaloop, programu huria ya kuunganisha pesa za simu na benki zisizosomana, ilitolewa mwaka 2017 na Wakfu wa Gates, na jina lake limetokana na neno letu "moja". Sehemu ya maagizo ya kuisimamisha kwenye seva imeandikwa kwa Ansible, na iko wazi kwa fundi yeyote wa Bujumbura, Kigoma au Uvira kuisoma. Na tukumbuke kwamba seva za M-Pesa ya Kenya, huduma iliyoanza 2007, zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa nyumbani mwaka 2015. Seva ikija nyumbani, ujuzi wa kuitunza nao hauna budi kuja.

Programu ni bure, lakini ujuzi si bure. Kijana anayejua kuandika maagizo haya hulipwa vizuri Nairobi. Akifundishwa Rumonge na asilipwe, ataondoka, na Kizuka itabaki pale pale.

La kufanya mwenye mzigo

Mfanyabiashara hahitaji kujifunza Ansible. Anahitaji kuuliza maswali yanayofaa, hasa kupitia chama chake, pale wakuu wa ofisi wanapokutana na wafanyabiashara.

Je, mpangilio wa seva umeandikwa, au uko kichwani mwa mtu? Fundi mkuu akiwa safarini, nani mwingine anaweza kuzirudisha? Matengenezo hufanyika siku gani, na kwa nini yasitangazwe mapema ili mtu asipakie samaki wabichi siku hiyo? Mfumo ukizima, kuna utaratibu gani wa karatasi, na nani ana ruhusa ya kuuanzisha?

Swali la mwisho lina uzito kwa wadogo. Chini ya utaratibu rahisi wa Jumuiya, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zinazokubaliwa, huvuka kwa cheti rahisi cha uasilia kinachotolewa mpakani. Utaratibu huo uliwekwa ili mama mwenye madebe ya mawese asizungushwe kama mwenye makontena. Utakosa maana kama mama huyo atasimama nusu siku kwa sababu ya saa ya seva.

Yeye naye atunze lake. Apige picha kila risiti. Aandike namba ya muamala, tarehe, na saa, akieleza ni saa ya Burundi au ya Tanzania. Akikwama, aangalie kama simu yake inafungua mambo mengine. Ikifungua, kosa huenda si la njia, na ana haki ya kuuliza swali la pili badala ya kurudishwa na neno "mtandao". Namba na saa alizoandika zinaweza kumsaidia fundi kupata kosa haraka kuliko maelezo ya "nililipa asubuhi".

Na ushirika wenye kompyuta yake ya hesabu unaweza kuanza leo. Hata kabla ya programu yoyote, uandike kwenye karatasi kompyuta hiyo imepangwaje, nakala za hesabu zinawekwa wapi, na nani ana ufunguo. Hayo ndiyo maagizo ya kwanza.

Jioni, mwenye duka wa Kizuka hufunga hesabu na kuweka daftari mahali ambapo mwanawe anapajua. Ofisi inayoshika mzigo wake nayo iwe na daftari lake, na awepo zaidi ya mtu mmoja anayejua lilipo.